Paul Ereng: Bingwa wa mita 800 aliyemlea bingwa wa mita 800

MSAFIRI anayeondoka mjini Isiolo kwa barabara kuu iendayo Archers Post, Marsabit na Moyale hufika Ngaremara kabla hajatulia vyema kitini. Ni eneo la wafugaji, wengi wao Waturkana. Ardhi ni kavu, miti ni ya miiba, na mazungumzo ya wakazi aghalabu huhusu maji, malisho na usalama wa mifugo. Mkenya akiulizwa mabingwa wa riadha hutoka wapi, atataja Iten, Kapsabet, Eldoret au Kaptagat. Ngaremara haitamjia akilini, wala hakuna atakayemlaumu.

Hata hivyo, Mkenya wa kwanza kunyakua nishani ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 800 hakutoka katika jamii ambazo sifa za riadha zimezoea kuziendea. Alikuwa Mturkana. Jina lake ni Paul Ereng, mzaliwa wa Kitale, aliyeshinda mjini Seoul mwaka 1988. Miaka 33 baadaye, mwanariadha aliyepitia mikononi mwake akiwa mkufunzi, Emmanuel Korir, alishinda dhahabu ya mbio hizo hizo mjini Tokyo.

Ni nadra bingwa wa Olimpiki kumlea bingwa mwingine wa Olimpiki katika umbali ule ule. Ajabu zaidi ni kwamba nyumbani kwake Ereng hatajwi sana. Wapo vijana wa Kiturkana, kuanzia Lodwar hadi Isiolo, wanaoweza kueleza mbio zote za David Rudisha lakini hawajui kwamba aliyeufungua mlango huo ni mtu wa jamii yao.

Kabla ya Seoul, Kenya ilikuwa imeukaribia ushindi huo mara kadhaa. Wilson Kiprugut alitwaa shaba Tokyo mwaka 1964, nishani ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki, kisha fedha Mexico mwaka 1968. Mike Boit alitwaa shaba Munich mwaka 1972. Baadaye taifa lilisusia michezo ya 1976 na 1980, na kizazi kizima cha wakimbiaji kikazeeka bila kupata nafasi.

Ereng alizaliwa tarehe 22 Agosti 1967. Alisomea Starehe Boys Centre, Nairobi, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu ili kuwahifadhi na kuwasomesha wavulana waliokosa uwezo. Jambo hilo lina uzito wake katika habari hii. Mvulana mwenye kipaji kutoka jamii ya wafugaji alipata kitanda, chakula, walimu na uwanja kwa pamoja, na hakulazimika kuchagua kati ya masomo na mbio.

Siku hizo alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Umbali huo ndio uliompeleka Marekani, katika Chuo Kikuu cha Virginia mjini Charlottesville. Ni huko alikohamia mita 800, na msimu wake wa kwanza wa kuzikimbia kwa dhati ulikuwa ule ule wa Olimpiki, 1988. Alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka huo. Akarudi nyumbani kwa mchujo wa taifa, akamaliza wa 3, na nafasi ya mwisho katika kikosi cha Kenya ikawa yake.

Ili kuelewa alichokifanya Seoul, na alichokuja kuwafunza wengine, ni lazima kueleza mbio zenyewe. Mita 800 ni mizunguko 2 ya uwanja. Ni ndefu mno kwa mtu anayetegemea kasi pekee, na ni fupi mno kwa mtu anayetegemea pumzi pekee. Takriban theluthi mbili ya nguvu zinazotumika hutokana na hewa anayovuta mkimbiaji. Sehemu iliyobaki mwili huizalisha bila hewa ya kutosha, na gharama yake ni ule uzito wa miguu unaowakumba wakimbiaji wanapoingia mita 100 za mwisho. Mtazamaji hudhani kwamba mshindi ameongeza kasi mwishoni. Mara nyingi hajaongeza chochote. Wenzake ndio wamepungua zaidi yake.

Kwa hiyo wanaofaulu katika mbio hizi ni wa aina mbili. Wapo wanaoshuka kutoka mita 1,500, wenye pumzi nyingi, ambao hupenda mbio ziwe kali tangu mwanzo ili wenye kasi wachoke mapema. Wapo wanaopanda kutoka mita 400, wenye kasi nyingi, ambao hatari yao kubwa ni pupa: kasi ya mzunguko wa kwanza huwa nyepesi kwao, wakajisahau, na kulipa deni lote mita 150 kabla ya utepe. Ereng alikuwa wa aina hii ya pili. Aliyemfaa ni mtu wa kumfunza kusubiri.

Fainali ya Seoul ilikimbiwa tarehe 26 Septemba 1988. Alikuwapo Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa mtetezi aliyekuwa amekimbia kwa dakika 1:41.77 mwaka 1984. Alikuwapo Said Aouita wa Morocco, aliyeshikilia rekodi za dunia za mita 1,500 na 5,000. Alikuwapo Peter Elliott wa Uingereza, na Johnny Gray wa Marekani. Ereng alikuwa na umri wa miaka 21, na wachambuzi hawakuwa na sababu ya kumtaja.

Mkenya mwenzake, Nixon Kiprotich, pamoja na Jose Luiz Barbosa wa Brazil, waliongoza kwa kasi ya kutisha; mzunguko wa kwanza ulikamilika chini ya sekunde 50. Ereng alikaa nyuma ya kundi. Waliokuwa mbele walipoanza kulemewa, alianza kupenya mmoja baada ya mwingine, akaingia mkondo wa mwisho Cruz akiwa bado mbele yake, na akampita. Muda wake ulikuwa dakika 1:43.45. Cruz alimaliza kwa 1:43.90, na Aouita akawa wa 3 kwa 1:44.06. Kiprotich, aliyejitoa mhanga mbele, alimaliza wa mwisho. Haifai kumsahau, kwani ni kasi yake iliyowachosha vigogo.

Machi 1989, katika mashindano ya dunia ya ukumbini mjini Budapest, Ereng aliibuka bingwa kwa dakika 1:44.84 na kuivunja rekodi ya dunia ya Sebastian Coe iliyokuwa imedumu tangu 1983. Rekodi hiyo mpya nayo ilidumu hadi 1997, ilipovunjwa na Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Denmark. Mwaka 1991 alitwaa tena ubingwa wa ukumbini, safari hii Sevilla, na katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka huo akawa wa 4, huku Mkenya mwenzake Billy Konchellah akitwaa dhahabu. Barcelona 1992 aliishia nusu fainali. William Tanui na Kiprotich ndio walioiletea Kenya dhahabu na fedha.

Kwa hesabu ya miaka, kilele chake kilikuwa kifupi. Hapo ndipo simulizi nyingi za wanariadha wetu hukatika. Bingwa hununua shamba, hujenga nyumba za kukodisha, huonekana katika harambee na hafla za michezo, na anayoyajua kuhusu mbio hubaki kichwani mwake. Wapo ambao hata shamba hawakulipata.

Katika michezo mingine mambo huenda vingine. Wasomaji waliowahi kujaribu kusimama kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, wanajua jinsi miguu inavyomsaliti mtu pale. Katika mchezo wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu, karibu kila mkufunzi aliwahi kuwa mchezaji, kwa sababu ni vigumu kumsahihisha anayeruka na kuzunguka angani iwapo mwenyewe hujawahi kuhisi ukali wa chuma kile chini ya unyayo. Brian Orser wa Canada aliikosa dhahabu ya Olimpiki mjini Calgary mwaka 1988, mwaka ule ule wa Ereng, akatoka na fedha. Baadaye akiwa mkufunzi alimwongoza Yuna Kim wa Korea Kusini kutwaa dhahabu mwaka 2010, na Yuzuru Hanyu wa Japan mwaka 2014 na 2018. Huko, kuwa mwalimu ni hatua ya kawaida katika maisha ya mchezaji.

Riadha haina desturi hiyo, na sababu moja ni saa ya mkononi. Kwa kuwa mbio hupimika kwa sekunde, watu hudhani yeyote mwenye saa anaweza kufunza. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wakufunzi wakubwa hawakuwa wakimbiaji: Bruda Colm O'Connell, aliyewasili Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, ndiye aliyemlea Rudisha. Lakini O'Connell alikuwa na miongo kadhaa ya kujifunza kwa kutazama, katika shule yenye vipaji vya kumwagika. Mahali ambapo vipaji ni vichache, makosa ya mkufunzi huwa na gharama kubwa zaidi, na aliyewahi kuyatenda makosa hayo kwa miguu yake mwenyewe huwa na faida.

Ereng aliifuata njia ya ualimu, nayo ikampeleka El Paso, katika tawi la Chuo Kikuu cha Texas lililoko mpakani mwa Marekani na Mexico, ambako amefunza wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu. Chuo hicho si kigeni kwa Waafrika Mashariki. Kilitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu mara 7 kati ya 1969 na 1981, na miongoni mwa nguzo zake zama hizo alikuwamo Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyeshinda fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kabla ya hapo, mwaka 1966, timu yake ya mpira wa vikapu ilitwaa ubingwa wa taifa ikianza na wachezaji 5 weusi, wakati vyuo vingi vya kusini vilikuwa bado vimewafungia milango.

Mwanariadha wa Ereng aliyeanza kuvuma ni Anthony Rotich, aliyetwaa ubingwa wa vyuo katika mbio za kuruka viunzi na maji mara 3 mfululizo, 2013 hadi 2015. Kisha akaja Korir. Huyu, kama Ereng, alikuwa mkimbiaji wa mita 400 alipokuwa nyumbani. Mwaka 2017, msimu wake mmoja wa chuo, alishinda ubingwa wa mita 800 ukumbini na nje. Mwaka 2018 alikimbia mita 800 kwa dakika 1:42.05 na mita 400 kwa sekunde 44.21, jozi ya muda ambayo ni wanaume wachache mno duniani wamewahi kuifikia. Mwaka 2019 aliingia hata fainali ya dunia ya mita 400 mjini Doha, akamaliza wa 6.

Mkufunzi mwingine angeweza kumwona kijana wa namna hiyo kama mtu wa mita 400 aliyepotea njia, au angemjaza kilomita nyingi za mbio ndefu hadi kasi yake ikafa. Ereng alikuwa amepita hapo hapo. Alijua kwamba mtu kama huyu hahitaji kugeuzwa kuwa mkimbiaji wa mita 1,500. Anahitaji pumzi ya kutosha tu kufika mita 600 akiwa na akiba, na utulivu wa kutoitumia akiba hiyo kabla ya wakati.

Fainali ya Tokyo ya tarehe 4 Agosti 2021 ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya Seoul. Hakuna aliyetaka kuongoza kwa kasi. Mzunguko wa kwanza ulichukua zaidi ya sekunde 53. Katika mbio za namna hiyo, mwenye kasi ya mita 400 ndiye mwenye silaha, mradi asizibwe katikati ya kundi. Korir alichomoka kuelekea mkondo wa mwisho na kumaliza kwa dakika 1:45.06, mbele ya Mkenya mwenzake Ferguson Rotich. Mwaka uliofuata, mjini Eugene, akaongeza ubingwa wa dunia kwa 1:43.71. Mwalimu alishinda mbio za kasi kwa kusubiri nyuma, na mwanafunzi akashinda mbio za polepole kwa kukaa karibu na mbele. Anayeona kwamba mbinu hizo zinapingana atazame mita 200 za mwisho za zote mbili.

Si kila kilichotoka El Paso kilibaki bila doa. Michael Saruni, aliyeweka rekodi ya vyuo ya dakika 1:43.25 mwaka 2018 akiwa chuoni humo, baadaye alifungiwa miaka 4 kwa kukwepa kutoa sampuli ya kupimwa dawa katika mchujo wa taifa wa Kenya wa mwaka 2022. Sifa za mita 800 za Kenya haziwezi kuelezwa kwa ukamilifu bila kutaja tatizo hilo la dawa, ambalo limewaangusha wengi waliokuwa na vipaji vya kweli.

Sasa ramani. El Paso ni mji wa jangwani. Mvua yake kwa mwaka ni haba, joto lake ni kali, na uko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Isiolo mjini ni takriban mita 1,100. Iten ni kama mita 2,400. Kwa maneno mengine, mahali ambapo Korir alikomaa katika mita 800 panafanana na Ngaremara, kwa kimo na kwa ukame, kuliko panavyofanana na Iten. Charlottesville, ambako Ereng mwenyewe aligeuzwa kuwa mkimbiaji wa mita 800, ni chini zaidi: haifiki mita 200.

Hoja hii isivutwe kupita kiasi. Korir alikulia nyanda za juu za Bonde la Ufa, na Kitale si bondeni. Kukua mahali penye hewa nyepesi kuna faida ambayo wataalamu hawaibishii, hasa katika mbio ndefu. Lakini imani iliyoenea kwamba mtoto wa Isiolo, Garissa au Lodwar hawezi kuwa mkimbiaji kwa sababu tu nchi yake ni ya chini na yenye joto, imekuwa kisingizio cha kutomtafuta. Joseph Ebuya, naye Mturkana, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mjini Bydgoszcz mwaka 2010. Wakimbiaji 5 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ile ya Rio mwaka 2016, walikuwa raia wa Sudan Kusini wanaoishi Kenya, waliopatikana kwa mchujo uliofanywa kambini na wakfu wa Tegla Loroupe na kuhamishiwa Ngong kwa mazoezi. Walionekana kwa sababu kuna mtu aliyekwenda kuwatafuta.

Karibu na Ngaremara riadha haikosekani kabisa. Mbio za Lewa, zinazoandaliwa tangu mwaka 2000 katika hifadhi ya wanyama ya jina hilo, huleta maelfu ya watu kutoka pembe nyingi za dunia. Lakini hizo ni mbio za barabara za vumbi, kilomita 42 na 21, za siku moja kwa mwaka. Mtoto mwenye kasi ya mita 400 hagunduliwi humo. Hugunduliwa na mwalimu anayempima kila wiki, kwenye uwanja uliopimwa, na kuandika muda wake daftarini.

Kwa jamii za kaskazini suala hili si la burudani. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo na mifugo mingi ikafa. Familia ambayo urithi wake wote ulikuwa na miguu minne ilibaki na watoto na karo ya kulipa. Ufadhili wa chuo cha Marekani humpa kijana mmoja shahada hata kama hatashinda mbio yoyote. Milango yake, hata hivyo, ni myembamba: hadi mwaka 2025, kanuni ziliiruhusu timu ya wanaume ya riadha ya daraja la kwanza kutoa ufadhili kamili 12.6 pekee, ukigawanywa kwa warushaji, warukaji na wakimbiaji wote. Anayeupata lazima awe na alama nzuri za shule pamoja na muda uliothibitishwa uwanjani. Kipaji bila shule hakivuki bahari.

Wapo waliovuka na kurudi. Patrick Sang, aliyetwaa fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, naye alisomea Texas, katika chuo kikuu cha mjini Austin, kisha akarejea na kuweka makao yake ya ukufunzi Kaptagat, alikomlea Eliud Kipchoge. Ereng alibaki ng'ambo. Si haki kumlaumu. Chuo kilimpa mshahara, uwanja na wanafunzi, vitu ambavyo mkufunzi wa Kenya asiye na wafadhili wa kigeni huvipata kwa shida. Tofauti ni kwamba kijana wa Kaptagat humwona Sang akipita asubuhi, ilhali kijana wa Ngaremara, ili amfikie Ereng, alipaswa kwanza awe tayari ni mkimbiaji mzuri.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Trans Nzoia, kaunti alikozaliwa Ereng. Emmanuel Wanyonyi aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10 hivi, akawa mchungaji wa ng'ombe za watu. Alirudi darasani kwa ajili ya mbio, na mmoja wa waliomshika mkono ni Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 wa mwaka 2007 aliyegeukia ukufunzi hapa hapa nchini. Agosti 2021, siku chache tu baada ya Korir kushinda Tokyo, Wanyonyi alitwaa ubingwa wa dunia wa chipukizi uwanjani Kasarani kwa dakika 1:43.76. Mwaka 2024 mjini Paris alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa 1:41.19, ya 5 mfululizo kwa wanaume wa Kenya katika umbali huo tangu Wilfred Bungei aliposhinda Beijing mwaka 2008. Ng'ombe aliokuwa akichunga hawakuwa wake, na wala hawakuwa wengi kuliko wale wanaopelekwa kunywa maji kila asubuhi na wavulana wa Ngaremara.